Butimba hadi Mombasa: njia ya pwani iliyopita ziwani

Ukiwa Butimba na ukakubaliwa kuwasilisha utafiti wako kwenye mkutano wa kimataifa kule Mombasa, kama ule wa wanasayansi wa bahari wa WIOMSA mwaka 2025, wengi watakwambia upitie Dar es Salaam. Babu zetu wangekushangaa.

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Tangu hapo, aliyetoka Mwanza kwenda pwani alivuka ziwa kwa meli hadi Kisumu, kisha treni mpaka Mombasa. Na hii ilikuwa enzi ya Mjerumani! Pamba na ngozi za koloni lake zikawa zinasafiri kwa reli ya Mwingereza. Miaka hiyohiyo, 1906, Robert Koch alikuwa Mwanza akichunguza malale, kabla ya kuhamia visiwa vya Sese.

Reli yetu kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 tu. Naona hapo ndipo safari, na mawazo yetu pia, vilipogeukia kusini.

Lakini kaskazini bado kupo: basi kupitia Sirari hadi Nairobi, halafu treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kwenda Mombasa mwaka 2017. Kwa mwanafunzi anayejilipia nauli, tofauti na tiketi ya ndege inaweza kuamua nani asimame mbele na zile data: aliyezikusanya ziwani, au msimamizi wake.

Viza ya Kenya Mtanzania haihitaji. Pasipoti beba, na kadi ya homa ya manjano usiiache nyumbani.