Maigizo Shirikishi Katika Katekesi ya Watoto wa Chekechea

Maigizo shirikishi ni njia ya kufundisha ambamo watoto wote huingia ndani ya simulizi. Hakuna jukwaa wala watazamaji. Katekista husimulia, nao watoto huitikia kwa sauti, mikono na miguu. Mtoto wa miaka 3 hadi 6, ambaye bado hajui kusoma, hulipokea hivyo Neno la Mungu kwa mwili wake wote.

Njia hii ina mizizi katika maisha ya Kanisa. Mwaka 1223, huko Greccio nchini Italia, Mtakatifu Fransisko wa Assisi aliandaa hori, nyasi, ng'ombe na punda, ili waamini waone kwa macho yao ufukara aliozaliwa nao Mtoto Yesu. Aidha, Mwongozo wa Misa pamoja na Watoto wa mwaka 1973 unaruhusu, pale somo linapofaa, watoto wagawane sehemu za kusoma, kama ilivyo desturi katika somo la Mateso ya Bwana.

Tuchukue mfano wa kondoo aliyepotea (Lk 15:3-7). Katekista asome kwanza Injili kutoka katika Biblia yenyewe, kwa utulivu. Kisha mkeka uwe zizi, watoto wote wawe kundi, naye katekista awe mchungaji. Awaite kondoo wake mmoja mmoja kwa jina, hadi atambue kwamba mmoja hayupo, kwa maana amejificha nyuma ya mlango. Hapo aliulize kundi: tufanye nini? Watoto wajibu kwa uhuru. Akitokea anayesema kondoo huyo aachwe au achapwe, asikaripiwe. Mchungaji aondoke tu kwenda kumtafuta. Majibu ni ya watoto, lakini mwisho ni wa Injili, nao haubadilishwi. Aliyepotea arudishwe kwa furaha, kundi limpokee kwa vigelegele, kisha pafuate kimya na sala fupi.

Tunasisitiza jambo moja. Mtoto mdogo huanza kumfahamu Mungu kupitia nyuso za wale wanaomfundisha. Mchungaji akija na fimbo na makaripio, mtoto atarudi nyumbani akimwogopa Mungu anayewawinda waliopotea. Katika Injili mchungaji humbeba kondoo mabegani akifurahi, wala hamwambii neno lolote la lawama. Kwa hiyo nafasi ya kondoo aliyepotea isitolewe kamwe kama adhabu kwa mtoto mtundu. Apewe anayeitaka, na igizo lirudiwe ili wengine nao watafutwe na kupatikana.

Mtoto mwenye haya asilazimishwe. Anaweza kupiga kengele ya zizi au kuiga sauti ya upepo. Matukio ya kutisha, kama vile mauaji ya watoto wa Bethlehemu, yasiigizwe katika umri huu. Igizo lisichukue nafasi ya Injili katika Liturujia. Mahali pake ni darasa la katekesi, kundi la Utoto Mtakatifu na nyumbani.

Wapendwa wazazi na walezi, nanyi tunawaalika. Mtoto akirudi kutoka parokiani, mwombeni awaonyeshe alichojifunza, na akiwaomba mjifiche, jificheni, mkubali kutafutwa naye.