Maktaba ya Pollio na Wasomaji wa Roma

Zamani Mroma aliyetaka kusoma alikuwa na njia mbili: anunue kitabu, au ajuane na tajiri mwenye navyo. Julius Caesar alikusudia kuwafungulia watu maktaba ya Kigiriki na Kilatini, na kazi ya kukusanya vitabu akamkabidhi mwanazuoni Varro. Mwaka 44 K.K. Caesar akauawa, mpango ukalala.

Aliyeufufua ni Asinius Pollio, jemadari aliyekuwa pia mwanahistoria. Mwaka 39 K.K. alisherehekea ushindi wake dhidi ya Waparthini, kabila la Iliria, na kwa nyara alizoteka akaanzisha maktaba ya kwanza ya umma mjini Roma, katika jengo la Atrium Libertatis. Tusiipambe historia: gharama ya elimu ile waliibeba walioshindwa. Ndani ziliwekwa sanamu za waandishi, na kati yao aliyekuwa hai ni mmoja tu, Varro yuleyule. Baadaye Kaizari Augustus alijenga maktaba yake kwenye kilima cha Palatino, na Kaizari Trajan yake.

Habari za sanamu hizo tunazipata kwa Plinius Mzee, na huyu ndiye msomaji wa Kirumi hasa. Mpwa wake anasimulia kwamba hakusoma kitabu bila kunakili madondoo. Mezani alisomewa, baada ya kuoga, akisuguliwa na kukaushwa, alisomewa. Safarini mwandishi wake alikaa ubavuni na kitabu na vibao, na wakati wa baridi alivaa glavu ili mikono isife ganzi kazi ikasimama. Siku moja msomaji alikosea neno, rafiki mmoja akamrudisha nyuma. Plinius akamuuliza rafiki huyo kama alikuwa ameelewa. Alipokubali, akamkemea: wamepoteza mistari zaidi ya kumi bure! Mgeni wa namna hiyo sidhani angealikwa tena.

Aliacha magombo 160 ya madondoo, yameandikwa pande zote mbili kwa herufi ndogo mno. Alipokuwa Hispania aliwahi kuahidiwa sesterti 400,000 ayauze, nayo yalikuwa bado machache. Hakuuza.

Magombo hayo hayapo tena. Vipo vitabu 37 vya Naturalis Historia alivyovitunga kutokana nayo, na cha kwanza ni orodha ya yaliyomo na ya waandishi aliowategemea. Wengi wa waandishi hao, kazi zao zimepotea kabisa.