Chura mgeni akisusia chakula, chunguza makao yake kwanza

CHURA mwenye pembe wa Amerika Kusini anajulikana kote kwa ulafi wake. Wafugaji wa Marekani na Ulaya wamempachika jina la Pacman, kutokana na mchezo wa video uliotoka nchini Japani mwaka wa 1980, ambao mhusika wake ni duara lenye mdomo mkubwa linalomeza kila kitu kilicho mbele yake.

Ndiyo sababu anayemnunua hushikwa na hofu pale mlafi huyo anapofikishwa nyumbani na kukataa kula kwa siku tatu, tano au hata wiki nzima. Wengi hudhani ni mgonjwa. Baadhi humfungua mdomo kwa nguvu na kumsukumia chakula, hatua inayoweza kumjeruhi taya na kumzidishia woga.

Ukweli ni kwamba mara nyingi tatizo haliko tumboni mwa chura bali katika makao aliyopewa.

Vyura hawa hutoka katika nyanda za Argentina, Uruguay, Brazili na nchi jirani, ambako kuna misimu ya mvua na ya kiangazi. Ardhi inapokauka, chura hujizika udongoni, ngozi yake ya juu ikaganda na kumfunika kama gamba, naye hukaa humo bila kula hadi mvua irejee. Kwa hivyo, akiwekwa mahali pakavu au penye baridi, mwili wake hufanya kile ulichozoea: hufunga mdomo na kusubiri.

Aidha, chura hana joto lake mwenyewe mwilini. Hutegemea joto la mahali alipo ili kusaga chakula. Chura mwenye pembe huhitaji nyuzijoto kati ya 24 na 28 mchana. Joto likishuka chini ya 20, usagaji hupungua mno na hamu ya kula hutoweka. Kipimajoto cha bei nafuu ndicho kifaa cha kwanza anachohitaji mfugaji.

Maji nayo yana umuhimu wake. Chura hanywi kwa mdomo bali hufyonza maji kupitia ngozi, na kwa njia hiyo hiyo sumu humwingia. Maji ya mfereji yenye klorini hayamfai. Kuyaacha wazi kwa saa 24 hupunguza klorini ya kawaida, lakini palipotumiwa kloramini ni lazima itiwe dawa maalumu ya kuyasafisha. Udongo uwe na unyevu bila kuwa tope, na uwe na kina cha kumwezesha chura kujizika hadi machoni.

Makao yakishakuwa sawa, mfugaji anapaswa kumwacha mgeni wake apumzike kwa siku kadhaa. Asimshikeshike wala kuruhusu watoto kugongagonga kioo. Tangi liwekwe mbali na runinga na mahali pa pitapita.

Jambo la pili ni namna ya kuandaa mlo. Mwaka wa 1959, watafiti Jerome Lettvin, Humberto Maturana, Warren McCulloch na Walter Pitts walieleza jinsi macho ya chura yanavyouarifu ubongo kuhusu vitu vidogo vinavyosonga. Walionyesha kwamba chura anaweza kufa njaa akiwa amezungukwa na chakula kisichosogea. Kwa hivyo, kumwekea vipande vya nyama kwenye kisahani ni kazi bure.

Chakula kinachofaa ni wadudu na viumbe hai kama vile nyenje, mende waliofugwa na nyungunyungu. Ukubwa wa windo usizidi upana ulio kati ya macho mawili ya chura. Wadudu waokotwao bustanini waepukwe, kwani huenda wamepuliziwa dawa. Inafaa pia wadudu wanyunyiziwe unga wa kalsiamu na vitamini D3 ili kuilinda mifupa ya chura.

Wakati mwafaka wa kulisha ni jioni, taa zikiwa zimefifia. Nyungunyungu ashikwe kwa koleo ndogo ya plastiki au mbao na kuchezeshwa polepole mbele ya chura bila kumgusa. Asiporuka kumdaka kwa dakika chache, mfugaji aondoke na kujaribu tena baada ya siku mbili. Nyenje wasioliwa waondolewe, kwa kuwa huweza kumuuma chura usiku.

Chura mzima mwenye afya aweza kukaa wiki kadhaa bila chakula na asidhurike. Mchanga hana akiba hiyo, na akipitisha wiki moja bila kula inafaa ushauri utafutwe. Kumpima kwa mizani ndogo kila wiki kutaonyesha kama kweli anakonda.

Hata hivyo, zipo dalili zisizopaswa kupuuzwa. Tumbo kuvimba, miguu kuwa myekundu, ngozi kubanduka kupita kiasi, au kukosa choo baada ya kumeza changarawe, ni mambo ya kumfikisha kwa daktari wa wanyama bila kuchelewa. Miongoni mwa magonjwa yanayoondoa hamu ya kula ni ule wa kuvu wa ngozi, ambao kisababishi chake kilipewa jina la kisayansi mwaka wa 1999 na ambao umeangamiza vyura wengi duniani. Kwa sababu hiyo, chura wa kufugwa kamwe asiachiliwe mtoni wala kidimbwini.

Mfugaji naye ajikinge kwa kunawa mikono kila anapomhudumia. Kati ya 2008 na 2011, zaidi ya watu 200 nchini Marekani, wengi wao watoto, waliugua kutokana na bakteria wa salmonela waliotoka kwa vyura wadogo wa majini.

Nchini Kenya, anayevutiwa na ufugaji huu asikimbilie kuokota chura kidimbwini. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inahitaji kibali kabla ya kumfuga mnyama wa porini.

Kwa aliye na chura tayari, joto, unyevu na utulivu ndiyo dawa ya kwanza. Subira huvuta heri, na chura aliyetulia hatimaye hudaka windo mwenyewe.