Arusi Iliyogoma Kucheza

Kwenye makabati ya nyumba za Salama, hapo Barabara ya Mombasa ukitoka Nairobi, kabla hujafika Sultan Hamud, hukosi kukuta bahasha za diski zilizoandikwa kwa kalamu: "Ntheo" (sherehe ya mahari ya Wakamba), "Arusi", "Mazishi ya Susu" (bibi). Ukizitia kwenye deki leo, nyingine zinacheza, nyingine zinakwama katikati ya hotuba, nyingine deki inakwambia haioni kitu.

Muziki ndio uliotangulia njia hii: benga ya Kikamba ilianzia kwenye santuri, enzi za Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, ikahamia kwenye kanda, kisha kwenye CD na DVD. Kompyuta zilipozagaa, kila mpiga video akaweza kuchoma diski zake mwenyewe. Lawama nazo zikaanza: mteja anarudi analalamika kauziwa feki. Mara nyingi hakuuziwa feki. Ugomvi ulikuwa wa viwanda. Pioneer ilileta DVD-R mwaka 1997. Kundi la Philips na Sony likaja na DVD+R mwaka 2002. Alama moja tu, kutoa na kujumlisha, lakini deki nyingi za zamani zilisoma aina moja na kuikataa nyingine. Na mchomaji akisahau kuifunga diski baada ya kurekodi, inaweza kucheza kwenye kompyuta yake lakini deki nyingi zikaikataa.

Kuharibika ni jambo jingine. Diski ya kiwandani hupigwa chapa ya vishimo. Ya kuchoma ina rangi ambayo mwanga wa leza huibadilisha. Jua na joto huila rangi hiyo polepole, na nyumba ya mabati Ukambani si mahali pa baridi. Halafu kuna kosa la wengi: kuilaza CD mezani upande wa maandishi chini, eti kulinda upande unaong'aa. Kwenye CD data imekaa chini kidogo tu ya maandishi, kwa hiyo mkwaruzo wa juu ndio unaoua. DVD ina nafuu, maana data yake imefichwa kati ya plastiki mbili.

Na wakati nao unakwenda. Taiyo Yuden ya Japani, iliyotengeneza CD-R, yaani CD ya kuchoma, ya kwanza mwaka 1988, iliacha biashara hiyo mwishoni mwa 2015. Kompyuta mpya nyingi hazina hata pa kuitia diski.

Kwa hiyo wewe mwenye diski ya arusi, tafuta laptopu ya zamani wiki hii. Diski ikigoma, jaribu laptopu nyingine kabla ya kukata tamaa. Nakili kwenye flashi, kisha mwachie ndugu nakala ya pili.