Chaza wa Maskini, Mkate wa Tajiri

Ndugu msikilizaji, juma hili nakuomba tuingie jikoni. Si jikoni kwako wala kwangu, bali jikoni kwa Waingereza, wale waliotutawala na kutufundisha, pamoja na mengine mengi, namna ya kushika uma na kisu.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Miaka ile nilipokuwa mwanafunzi kaskazini mwa Uingereza nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, ambaye marehemu mumewe alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Siku moja akanialika kunywa chai saa kumi na moja jioni. Mimi, kwa kuelewa kwangu kwamba chai ni chai, nikala kwanza nikashiba. Loo! Kufika mezani nikakuta viazi, mkate na siagi, nyama na keki. Kumbe kwa wafanyakazi wa kaskazini neno chai ni jina la chakula cha jioni, na kile cha mchana ndicho wanachokiita kwa jina ambalo matajiri wa London hulitumia kwa mlo wa usiku. Mtu akitaja tu saa ya kula, Mwingereza mwenzake amekwisha jua baba yake alikuwa nani.

Lakini si hilo lililonigusa. Nilisikia harufu niliyoizoea ikitoka jikoni, nikamwuliza, "Mama, unapika nini?" Akaona haya. Akasema, "Ah, mwanangu, hicho si chakula cha kumpa mgeni." Kilikuwa utumbo wa ng'ombe, uliochemshwa pamoja na vitunguu na maziwa. Alikuwa ameuficha, akanunua nyama ya bei kubwa kwa ajili yangu, ili mimi msomi nisimdharau. Nikamwambia kwamba kwetu supu ya utumbo watu huamka alfajiri kuifuata. Hakuamini mpaka aliponiona nimemaliza bakuli.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: ni nani huamua kwamba chakula hiki ni cha heshima na kile ni cha aibu?

Tumtazame chaza. Leo ukiingia katika hoteli kubwa ya London utaletewa chaza juu ya barafu, pamoja na vipande vya limau, na bei yake utaisoma mara mbili. Lakini katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 chaza alikuwa chakula cha mitaa ya maskini. Aliuzwa kwenye mikokoteni kando ya njia, na nyama ya ng'ombe ilipokuwa adimu mama wa nyumbani aliongeza chaza katika sambusa yake kubwa ya sinia ili ijae. Charles Dickens, katika riwaya ya Pickwick Papers iliyotoka kwa mafungu mwaka 1836 na 1837, anamfanya mtumishi Sam Weller aseme kwamba umaskini na chaza daima huandamana.

Kisha nini kilitokea? Watu walivua kupita kiasi, na miji iliyokua haraka ikamwaga maji machafu palepale walipozaliana chaza. Wakapungua, bei ikapanda, na maskini akaondoka sokoni mikono mitupu. Hapo ndipo waheshimiwa walipogundua kwamba chaza ni mtamu! Kufikia Novemba 1902 chaza walikuwa katika karamu za mameya wa Winchester na Southampton. Kwa bahati mbaya walikuwa wametoka Emsworth, mahali penye maji ya mitaro, na wageni wakashikwa na homa ya matumbo. Miongoni mwa waliokufa alikuwemo mkuu wa kanisa kuu la Winchester. Chaza walikuwa wamekwisha panda cheo, lakini uchafu ulipanda nao.

Mkate ulikwenda njia ya kinyume. Kwa karne nyingi mkate mweupe ulikuwa wa bwana na mkate wa rangi ya udongo ulikuwa wa mtwana. Kuchekecha unga mpaka uwe mweupe kulikula kazi na kupoteza pumba, basi aliyeweza kuupata alikuwa mtu mwenye nacho. Maskini naye akautamani. Mwaka 1800, wakati wa upungufu wa ngano, Bunge lilipitisha sheria ya kuwazuia wenye vinu kusaga unga mweupe. Wananchi waliichukia, wakaiita sheria ya sumu, na haikudumu hata miezi miwili kabla ya kufutwa. Huko Sussex, karibu na Horsham, wanawake walimwendea mwenye kinu wakamfanyia ghasia na kumkatakata kitambaa cha kuchekechea unga. Usiwacheke, ndugu msikilizaji. Hawakuwa wakipigania rangi. Walikuwa wakisema, "Kwa nini sisi ndio tule pumba?"

Tena tamaa hiyo ya weupe iliwaponza. Waokaji wasio waaminifu walitia shabu katika unga ili mkate ung'are, jambo ambalo mkemia Friedrich Accum alilifichua katika kitabu chake cha mwaka 1820. Baadaye, kuanzia miaka ya 1870, vilikuja vinu vya magurudumu ya chuma, na mkate mweupe ukawa rahisi kwa kila mtu. Je, tajiri alifurahi kwamba sasa anakula sawa na kuli wake? Hata kidogo. Pole pole akageuka. Leo hii ni msomi na mwenye mali anayenunua mkate wa unga usiokobolewa, tena kwa bei kubwa, na anamtazama mnunuzi wa mkate mweupe kwa jicho la huruma. Madaktari wanasema mkate usiokobolewa una afya zaidi, na ni kweli. Lakini pumba zile zile zilikuwa na afya ile ile mwaka 1800.

Na samaki na chipsi? Samaki wa kukaangwa waliletwa London na wahamiaji wa Kiyahudi. Baadaye akaunganishwa na viazi, yapata mwaka 1860. Wako wanaompa sifa hiyo Joseph Malin wa London, na wako wanaomtaja John Lees wa Mossley, Lancashire. Reli na meli za mvuke zilileta samaki kwa bei ndogo, na kufikia mwaka 1910 palikuwa na maduka yapatayo 25,000. Mfanyakazi wa kiwandani alitoka kazini usiku, akanunua chakula cha moto kilichofungwa katika gazeti, akawapelekea watoto. Wakubwa walisemaje? Kwamba kinanuka, na kwamba mwanamke anayekinunua ni mvivu asiyejua kupika. Hata sheria za afya ziliiweka kazi ya kukaanga samaki katika kundi la kazi zenye kero, pamoja na kazi za kuchemsha mifupa na mafuta ya wanyama, mpaka mwaka 1940. Na ilipokuja Vita Kuu ya Pili, serikali ile ile ilipopima nyama, siagi na sukari kwa kadi, samaki na chipsi haikuwapimia watu. Ilijua nani anayelisha viwanda. Leo mtalii akifika London hicho ndicho chakula anachoambiwa ni cha taifa.

Haya, hata chai haikunusurika. Wanabishana, maziwa yatangulie kikombeni au chai itangulie? Kutanguliza maziwa kulihesabiwa kuwa ni alama ya mtu wa chini, kwa kuwa, husemwa, kikombe chake cha udongo hafifu kingepasuka kwa chai ya moto. George Orwell aliandika makala nzima mwaka 1946 juu ya kanuni kumi na moja za kutengeneza chai, naye akawa upande wa kutanguliza chai. Sisi tunaochemsha vyote katika sufuria moja sijui wangetuweka tabaka gani! Na majani yenyewe mengi wanayokunywa yanatoka Kenya, ambako mche wa kwanza ulipandwa Limuru mwaka 1903.

Mwaka 1954 mtaalamu wa lugha, Alan Ross wa Birmingham, aliandika juu ya maneno yanayotenga matabaka, na mwaka uliofuata mwandishi Nancy Mitford, binti wa kikabaila, akayatangaza katika gazeti la Encounter. Kitambaa kile kile cha kufutia mdomo, ukikiita "napkin" wewe ni wa juu, ukikiita "serviette" umekwisha. Wengi walicheka. Lakini nakuambia wako waliokaa usiku wakijizoeza maneno mapya, wakiogopa kufumaniwa mezani.

Basi, fundisho ni lipi? Mimi naona kwamba heshima ya chakula haitoki katika utamu wake wala afya yake. Kinapokuwa tele mikononi mwa wanyonge hudharauliwa, na kinapokuwa adimu hupokonywa na kutukuzwa. Wanaotoa hukumu ni wale wale, na meza wanazozihukumu ni zile zile. Madhara yake si ya tumboni tu. Mama yule mjane alilea watoto wanne kwa utumbo, mkate na chipsi, akawasomesha, na bado mgeni alipobisha hodi alikimbilia kufunika sufuria.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Vyakula hivi vilibuniwa na watu waliokuwa na senti chache na vinywa vingi vya kulisha. Kwa hiyo jioni hii, mgeni akibisha hodi nawe umepika ulichojaliwa, usifunike sufuria. Mkaribishe.

Hadi juma lijalo, majaliwa.