Jinsi miji ya Marekani hujadiliana na kampuni za runinga ya kebo

MKATABA wa kibali cha runinga ya kebo ni mapatano kati ya baraza la mji na kampuni inayotaka kupitisha nyaya zake katika barabara za umma ili kuwauzia wakazi matangazo ya runinga. Nchini Marekani, mikataba ya aina hii imezua mivutano ya miaka mingi kati ya viongozi wa miji, ambao ni wadhamini wa barabara, na kampuni ambazo haziwezi kufanya biashara bila barabara hizo.

Hali hiyo ni tofauti na ya Kenya, ambako Katiba ya 2010 iliweka mawasiliano na utangazaji mikononi mwa serikali ya kitaifa.

Chimbuko

Runinga ya kebo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 katika miji midogo ya majimbo kama vile Pennsylvania na Oregon, ambako milima ilizuia mawimbi ya stesheni za mbali. Wafanyabiashara walisimamisha antena mahali pa juu, kisha wakasambaza picha hadi nyumbani kwa wateja kupitia waya. Kwa kuwa waya ulilazimika kuvuka barabara, idhini ya baraza la mji ilihitajika.

Biashara hiyo iliponoga, kibali kikawa mali ya thamani na kishawishi cha ufisadi. Mnamo 1971, Irving Kahn, aliyekuwa kiongozi wa kampuni ya TelePrompTer, alipatikana na hatia ya kuwahonga viongozi wa mji wa Johnstown, Pennsylvania, na akafungwa jela.

Miji mikubwa nayo ilipoanza kutoa vibali, kampuni zilishindana kwa ahadi kemkem za chaneli na studio za wakazi. Baadhi yazo, zikiisha kupata kibali, zilirudi kwa madiwani kuomba zipunguziwe mzigo huo.

Sheria ya 1984

Bunge la Congress lilipitisha sheria ya mawasiliano ya kebo mwaka wa 1984 ili kuweka mipaka ya mamlaka ya pande zote mbili. Kwa mujibu wa sheria hiyo, ada ambayo mji hutoza haiwezi kuzidi asilimia 5 ya mapato ghafi yanayotokana na huduma za kebo mjini humo kwa mwaka. Kampuni ikikusanya dola milioni 10, mji hauwezi kudai zaidi ya dola 500,000. Hata hivyo, kampuni inaruhusiwa kuonyesha ada hiyo katika bili, na aghalabu mteja ndiye huilipa.

Sheria hiyo pia iliuruhusu mji kudai utengewe chaneli za umma, za elimu na za serikali. Kupitia chaneli hizo, wakazi hutazama vikao vya baraza lao na kurusha vipindi vyao wenyewe.

Aidha, mji una wajibu wa kuhakikisha kwamba hakuna kundi la wakazi linalonyimwa huduma kwa sababu ya kipato chao. Bila kifungu hicho, kampuni ingeweza kuhudumia mitaa ya matajiri na kuiruka ya maskini.

Yanayojadiliwa

Mbali na ada na chaneli, mkataba hutaja muda wa kibali, mitaa itakayofikiwa, ukarabati wa barabara zilizochimbwa, bima, dhamana, na adhabu kwa kampuni inayokiuka masharti. Mji pia unaweza kutekeleza viwango vya huduma vilivyowekwa na Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo (FCC). Kwa mfano, simu ya mteja inafaa kupokewa ndani ya sekunde 30.

Kibali kinapokaribia kukamilika, utaratibu rasmi wa kukihuisha unaweza kuanzishwa kati ya miezi 36 na 30 kabla ya tarehe ya mwisho. Mji husikiliza maoni ya wakazi, huchunguza mahitaji yao na kupima utendakazi wa kampuni.

Mji ukitaka kukataa, sharti utegemee moja kati ya sababu nne: kampuni ilikiuka masharti muhimu, huduma yake ilikuwa duni, haina uwezo wa kifedha, kisheria au kiufundi, au pendekezo lake halikidhi mahitaji ya baadaye ya wakazi kwa gharama ya kadiri. Kuwepo kwa kampuni nyingine yenye ahadi tamu zaidi si sababu ya kutosha. Kampuni iliyonyimwa inaweza kwenda mahakamani, na ndiyo maana pande nyingi huona heri kuelewana nje ya utaratibu huo rasmi.

Nguvu za miji zapungua

Sheria ya 1992, iliyopitishwa licha ya kura ya turufu ya Rais George H. W. Bush, ilipiga marufuku vibali vya kuipa kampuni moja ukiritimba. Lakini gharama ya kutandaza nyaya mpya ilifanya miji mingi isalie na kampuni moja.

Kampuni za simu zilipotaka kuingia katika biashara hiyo, zililalamika kwamba kujadiliana na mji mmoja baada ya mwingine kulichukua muda mrefu mno. Mwaka wa 2005, Texas ikawa jimbo la kwanza kutoa kibali kimoja cha jimbo zima chini ya sheria mpya. California ikafuata 2006. Katika majimbo kama hayo, miji huendelea kupokea ada, ingawa imepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kujadiliana.

Tishio jingine limetoka kwa intaneti. Ada ya kibali hutozwa kwa huduma za kebo pekee, hivyo basi kila mteja anayehamia mtandaoni hupunguza mapato ya mji. Mji wa Maple Heights, Ohio, ulizishtaki Netflix na Hulu ukitaka nazo zilipe. Mnamo 2022, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba kampuni hizo hazihitaji kibali, kwa kuwa si zenye kutandaza nyaya katika barabara za umma.