Madaftari ya Sheha na Madaftari ya Skuli

Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za maandishi ya kisiwa chetu cha Unguja. Si maandishi ya wafalme wala ya mikataba mikubwa, bali yale madogo ya vijijini: daftari la sheha, kitabu cha mahakama, orodha ya watoto wa skuli. Watu wengi huyadharau, wakidhani kwamba hayana jambo ila majina na hesabu. Lakini katika kisiwa kidogo majina na hesabu ni mambo makubwa, kwa sababu mara nyingi aliyeandikwa na asiyeandikwa hawakupata haki sawasawa.

Hapo kale Wahadimu, yaani wenyeji wa upande wa kusini na mashariki ya kisiwa, walikuwa chini ya Mwinyi Mkuu. Mwinyi Mkuu aliwaweka masheha, na kila mji ulikuwa na wazee wake walioitwa Watu Wanne. Hao ndio waliojua mpaka wa ardhi ya mji unaanzia wapi na kuishia wapi, nani wa ukoo gani, na mgeni gani alipewa ruhusa ya kulima au kujenga. Mgeni alikwenda kwao, akataja haja yake, akatoa ada ndogo, na ruhusa ikatolewa mbele ya watu. Hapakuandikwa kitu. Shahada ya jambo ilikuwa wazee wenyewe kukaa pamoja na kukubaliana kwamba ndivyo lilivyokuwa.

Mtu asidhani kuwa hawakuandika kwa sababu kalamu haikujulikana. Katika msikiti wa Kizimkazi yamo maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa katika jiwe, yenye tarehe ya mwaka wa 500 wa Hijra, ndio mwaka 1107 kwa hesabu ya Kizungu. Watu waliochonga maneno hayo walijua vizuri thamani ya kuandika. Ila mambo ya ardhi na jirani waliyaacha katika vinywa vya wazee, na kwa muda mrefu desturi hiyo iliwatosha.

Iliacha kuwatosha ilipokutana na karatasi za watu wengine. Katika karne ya 19 mashamba ya karafuu yalienea upande wa magharibi na katikati ya kisiwa, penye udongo mzuri. Mwenye shamba alikuwa na hati, nayo hati ilikuwa na mashahidi, tarehe na mipaka. Shamba lenye hati laweza kuuzwa, kuwekwa rehani, kurithiwa, na kudaiwa mbele ya kadhi. Ardhi ya mji wa Kihadimu haikuwa na hati, wala haikuwa ya mtu mmoja hata iuzwe. Basi palipotokea ugomvi, upande mmoja ulileta karatasi na upande mwingine ulileta wazee. Kila msomaji ajua ni upande gani ambao hakimu wa mjini huuelewa kwa haraka zaidi.

Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed, aliyejenga jumba la Dunga, alifariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmed alimfuata mwaka 1873, na ukoo ule wa utawala ukakoma. Ngoma na siwa za Dunga zilihifadhiwa, zikawekwa baadaye katika Nyumba ya Makumbusho ya Beit el Amani, iliyofunguliwa mwaka 1925. Ni vitu vya heshima, na kila mwanafunzi yampasa kuvijua. Lakini ngoma haiwezi kutwambia nani alipewa kiambo kipi, wala siwa haisemi sheha wa mwaka fulani alikuwa nani.

Baada ya hapo masheha wakawa watu wa Serikali, na juu yao wakawekwa mamudiri. Tangu Uingereza ilipoifanya Unguja nchi ya himaya mwaka 1890, karatasi ziliongezeka mwaka hata mwaka. Katika vitabu hivyo Watu Wanne hawakuwa na mahali pao rasmi. Sheha alikuwa na jina katika daftari, kwa sababu ndiye aliyepeleka habari kwa mudiri. Wazee waliomwongoza hawakuandikwa. Kwa hiyo mtu asomaye majalada ya zamani hudhani kwamba kijiji kilitawaliwa na mtu mmoja, kumbe nyuma yake palikuwa na baraza zima.

Jambo hili lilidumu miaka mingi kabla ya kuandikwa ipasavyo. Mwaka 1947 Bwana R. H. W. Pakenham, ofisa wa Serikali, alitoa kitabu kidogo juu ya namna Wahadimu wa Chwaka wanavyoshika ardhi. Si kitabu kikubwa, lakini twakihesabu kuwa katika maandishi yenye faida kubwa yaliyotoka katika ofisi za wakati ule, kwa kuwa mwandishi alikwenda kuuliza desturi kwa wenyewe badala ya kungoja waletwe mahakamani.

Kuna kitabu cha namna nyingine ambacho hatuna budi kukitaja. Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamud bin Muhammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria. Uhuru haukuja wenyewe. Mtumwa alitakiwa aende mahakamani aombe, na bwana wake apewe fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Tena amri ilimtaka aliyepata uhuru aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujipatia riziki, ama sivyo ataitwa mzururaji. Hivyo watu wengi waliingia katika maandishi ya Serikali kwa mara ya kwanza siku waliyoomba uhuru wao, na mara ile ile waliulizwa wanakaa wapi. Wengi waliobaki katika mashamba ya mabwana wao kwa kupatana nao hawakwenda mahakamani kamwe, wala majina yao hayamo.

Sasa tuje kwenye skuli. Watoto wa Unguja walikuwa wakisoma zamani sana kabla ya skuli za Serikali, kwa maana kila mji ulikuwa na chuo cha Kurani. Mwalimu wa chuo hakuweka daftari la mahudhurio. Alimjua kila mtoto na baba yake. Wamisionari wa UMCA walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuweka maandishi ya skuli kwa utaratibu wa Kizungu, huko Kiungani na Mbweni, ambako wanafunzi wengi wa mwanzo walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Mwaka 1887 Bwana A. C. Madan alitoa kitabu cha habari zilizoandikwa na wavulana wa Kiungani wenyewe: walivyotekwa, njia walizopitishwa, mikono waliyopita hata kufika pwani. Na tangu mwaka 1888 palichapwa hapo gazeti lililoitwa Msimulizi, lenye habari zilizoandikwa na wanafunzi na walimu Waafrika. Orodha ya skuli hutupa jina tu. Maandishi haya hutupa sauti ya mwenye jina.

Idara ya Elimu ya Serikali ilianzishwa mwaka 1907 chini ya Bwana S. Rivers-Smith, naye akashikilia kwamba Kiswahili kifundishwe kwa herufi za Kirumi. Kwa mtoto aliyekwisha soma chuoni na kujua herufi za Kiarabu, ilikuwa kama kuanza tena upya. Baba yake, ambaye aliweza kuandika barua kwa Kiswahili kwa herufi hizo, mbele ya daftari jipya alionekana kama mtu asiyesoma. Basi si ajabu kwamba wazee wengi wa shamba walisitasita. Walichelea mtoto kupoteza saa za chuo, na wengine walichelea kwamba skuli ni mlango wa dini nyingine. Wasichana walikawia zaidi. Skuli ya Serikali ya wasichana ilifunguliwa mjini mwaka 1927.

Kwa hiyo daftari la mahudhurio lenye nafasi nyingi tupu lataka kusomwa kwa hadhari. Ofisa wa mjini huona uvivu. Mtu wa Makunduchi au Chwaka hutazama kwanza ni mwezi gani, kwani msimu wa karafuu jamaa nzima hufunga safari kwenda dago, na mtoto aliye mashambani hawezi kuitikia jina lake darasani.

Hata hesabu ya watu nayo ni hivyo. Katika hesabu ya mwaka 1924 watu zaidi ya 33,000 waliandikwa kuwa Waswahili. Mwaka 1931 walioandikwa hivyo walikuwa kama 2,000 tu. Hapakutokea maradhi wala njaa ya kuwamaliza. Ni watu wale wale, waliochagua kuitwa Wahadimu, Watumbatu, Washirazi au jina jingine, kwa maana jina la Mswahili lilikwisha kunuka utumwa katika masikio ya wengi, na kila mtu alijua kwamba Serikali huwatazama watu kwa makabila yao.

Majalada mengi ya nyakati hizo yamo leo katika Nyumba ya Nyaraka huko Kilimani, mengine kwa Kiingereza na mengine kwa Kiarabu. Nao masheha wapo hata sasa, kila mmoja na shehia yake na daftari lake la wakaazi. Atakaye kutafuta habari za babu yake aanze na jina la mji na jina la sheha wa wakati ule, kisha atazame kesi za ardhi na za miti, kwani mikarafuu na minazi huweza kuwa ya mtu huyu na ardhi ya mtu mwingine, na ugomvi wa miti umewaingiza katika maandishi watu wengi ambao skuli haikuwaona. Na kama katika kabati la skuli ya kijijini mna daftari kuukuu lililoliwa na mende, mwalimu asilitie moto. Amwite mzee mmoja alisome pamoja naye, jina kwa jina, aandike pembeni kila mtoto alikuwa wa nani na alikwenda wapi.